Nyonga Mbili za Kushoto

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Kibiti

Ndiyo, mifupa. Umesikia sawasawa. Si nyama, si ngozi, si pembe. Mifupa mikavu ambayo hata mbwa kaisusa. Cheka kwanza, daftari, ukimaliza nitakueleza.

Kaja mama mmoja kutoka chuo cha Dar, Daktari Mwanaidi. Si daktari wa sindano. Wagonjwa wake wote walishakufa zamani, na wote ni wanyama. Kapanga ghala la ushirika, lile lililokufa soko huria lilipoingia. Popo wametolewa, pamefagiliwa, rafu zimesimamishwa. Mezani kaweka kompyuta inayofungwa kama mkoba wa mwalimu mkuu, inakula umeme wa betri ya Landrova.

Kazi yake hivi. Mfupa ukija anaupima mahali kumi na moja kwa chuma chenye taya mbili. Namba anazigonga kwenye kompyuta. Ndani mna rejista ya mifupa, yeye anaiita databesi, mifupa elfu na elfu ya nchi zote. Kompyuta inalinganisha, kisha inachora mti. Kila mnyama anakaa tawi moja na ndugu zake. Anasema wanyama hubadilika kizazi kwa kizazi, polepole, na mifupa ndiyo inayokumbuka walikotoka. Jina lake mageuko.

Watu walisikiliza mti. Mie nilisikiliza mwisho wa maneno. Kasema baada ya wiki mbili ataajiri mkusanyaji mmoja wa hapa hapa, kwa barua. Barua yenye muhuri.

Muhuri huo ndio mke wangu. Kesho nitaeleza.

Kila mkusanyaji kapewa daftari aandike tarehe, mahali, mnyama, na nani kashuhudia. Hili ndilo langu. Tarehe nitaandika. Mengine ni mambo yangu.

Jumanne, 6 Agosti

Mke wangu alikuwa Sihaba binti Bushiri, wa Mbwara. Mwezi wa tatu kaunguza wali wa mpunga mpya. Barazani kwetu watu wamejaa. Nikachukua upawa, nikaushika kama kipaza sauti, nikasoma taarifa ya habari. Sauti ile ile ya redioni. Kwamba Ridhiwani, mkazi wa Kibiti, leo amempa mkewe talaka moja kufuatia tukio la wali.

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Sihaba hakucheka. Shehe naye kaweka kikombe chini, kasema ndoa, talaka na kurejeana havina mzaha. Ukitamka umetamka, hata kama unatania. Imeshapita.

Dawa ilikuwepo. Ndani ya eda ningetamka tu, nimekurejea. Neno moja. Lakini mie nilitaka kulisema vizuri, kwa taarifa ya habari nyingine, ya kuchekesha kushinda ile. Kila siku naitunga, kila siku haijakolea. Nikiwa bado natunga, eda ikaisha.

Sasa namposa upya kama mgeni. Baba yake, Mzee Bushiri, kanipa sharti moja. Barua ya kazi, ina muhuri. Kasema tangu ushirika ufe wamekuja watu wengi na maneno matamu, wameondoka na korosho zake. Maneno hataki tena. Na kasema kuna posa nyingine imeletwa, ya nani hasemi, kaombwa asiseme. Atajibu zote mbili Ijumaa ya tarehe 23, baada ya sala.

Siku kumi na saba. Leo nimepeleka fuvu la ngiri. Daktari kafurahi, kapima, kaandika namba juu yake kwa wino mweusi. Kwenye kompyuta kuna safu ya mkusanyaji anavyoaminika. Mwanzo kila mtu ana tano. Nina tano.

Jumatano, 7 Agosti

Nimewaza. Mafuvu ni adimu. Lakini fuvu moja zuri nishalijua lilipo, liko rafuni kwa Daktari.

Nikalichukua. Nikafuta namba kwa msasa, nikalipaka tope, nikalikausha juani. Saa tisa nimelirudisha, nikasema ngiri mwingine huyu, kutoka Ngarambe, nimetembea mpaka viatu vimeomba talaka.

Daktari kapima mahali kumi na moja. Kompyuta ikawaza kidogo, ikapiga mlio. Kasema ajabu, ngiri wa Ngarambe kafanana na ngiri wa Jumanne mahali pote kumi na moja, mpaka kwenye unywele. Kasema hata mapacha hawafanani hivyo. Nikamwambia labda ni kaka yake. Kasema basi na kaka yake naye kang'oka jino lile lile.

Hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Kagonga tu kitufe kimoja. Nina tatu.

Kitu kimoja kizuri leo. Nilipokuwa natafuta msasa kwenye meza ya zamani ya ghala, nimeona muhuri wa ushirika ndani ya droo. Mpini umeliwa na mchwa, maandishi mazima. Nikaurudisha. Wa nini, ushirika wenyewe marehemu.

Ijumaa, 9 Agosti

Kosa langu lilikuwa kuleta mnyama anayejulikana. Kompyuta inawajua wote. Suluhisho ni kumletea asiyejulikana.

Jana nimeshinda uani. Fuvu la mbuzi, taya la chini la nyani, meno mawili ya ngiri. Gundi ni ulimbo wa kunasia ndege. Kapendeza mpaka mwenyewe nilimwogopa. Nikamwita mnyama wa Mtunda.

Daktari kamgeuza, kamgeuza tena. Kisha kaniuliza polepole, kaka Ridhiwani, mnyama huyu alikuwa anakula nini? Maana meno ya juu ni ya majani na ya chini ni ya matunda. Nikasema anakula anachopata, kama sisi.

Kacheka mpaka kavua miwani. Kisha, kwa haki, kamwingiza kwenye kompyuta aone. Mti ukachorwa. Mbuzi kakaa na ng'ombe, nyani kakaa na wenzie, na mnyama wangu kabaki tawi la peke yake pembeni kabisa, hana baba wala mjomba. Nilimtazama nikamwonea huruma. Nilijiona mimi.

Daktari kamtia kwenye maji ya moto, ulimbo ukaachia, wakatoka watu watatu. Nina moja. Siku kumi na nne.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimegundua mwenye posa ya siri. Ni karani wa korosho, yule mwenye pikipiki. Wiki hii kapita njia ya Mbwara mara mbili. Ulimbo ulibaki. Nimeupaka kwenye kiti cha pikipiki yake wakati yuko hotelini anakula.

Jioni. Karani kaacha kipande cha suruali kwenye kiti mbele ya soko zima. Kisha nimeambiwa ana wake wawili na Mbwara anafuata deni la magunia, hana habari na binti wa mtu. Kaapa akimjua aliyefanya atamlisha ulimbo huo. Nimempa pole.

Basi posa ni ya nani?

Jumapili, 11 Agosti. Nyamisati

Nimekuja deltani kwa Twalibu, mtoto wa shangazi yangu. Mvuvi, mpole, mkewe kafariki mwaka juzi. Mie na yeye ni watani wa damu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Akichukua changu sidai. Nikichukua chake hadai. Ukinuna umejivunjia heshima mwenyewe.

Nilisikia msimu wa kusi uliopita nguva kazama kwenye jarife lake, wavu wa matundu makubwa. Kweli. Twalibu kasema alipomvuta alikuwa kashakufa, macho wazi, akashindwa kumla. Kamzika mchangani nyuma ya nyumba kama mtu.

Nikachukua jembe. Twalibu kauliza nafukua nini. Nikamwambia nafukua changu, mtani. Kacheka, kashika na yeye jembe, tukafukua wote. Mifupa mizito kama mawe. Magunia mawili. Kauliza ya nini. Nikasema nataka barua ya kutundika ukutani.

Halafu kaniuliza bila kucheka, ya Sihaba yamekwisha kabisa au bado namtaka?

Nikamwambia tangu aondoke najisikia kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Kainama akaendelea kufunga fundo la wavu.

Jumanne, 13 Agosti. Kibiti

Daktari alisema Jumatatu ile, kila mfupa uje kama ulivyo, hata ulio kama kijiti, na usioshwe na kitu chochote. Lakini huyo ni Daktari na adabu zake. Mtu akienda posa anaoga. Nimechemsha mifupa yote, nimeisugua kwa mchanga, nimeimwagia jiki. Imekuwa myeupe kama vyombo vya Idi.

Nikaipanga uani kuanzia kichwa. Shingo, mbavu, uti wa mgongo mpaka mkia. Kila kitu kimepata mwenzake isipokuwa vijifupa viwili, virefu shubiri moja, vyembamba. Havishiki popote. Nimejaribu kwenye mbavu, havikai. Nimejaribu mkononi, havikai. Nikajua ni vya mbuzi, vimechanganyika mchangani. Nikavitupa jalalani visiniharibie nguva wangu.

Twalibu alikuwepo, kaja na samaki wakavu wa kuuza, kala kwangu mchana. Kaviokota. Kasema vimelingana kabisa na kipimo cha tundu la wavu wake, anavichukua kwa utani. Nikamwambia chukua na takataka zilizobaki.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku kubwa. Nimeingia ghalani na mkokoteni. Daktari kasimama, miwani mkononi.

Kapima kutwa nzima. Mara kaniita nione. Kafungua mifupa ya pezi la nguva, kaipanga mezani, kaniambia niweke mkono wangu kando yake. Wallahi, vidole vitano. Viungo kama vyangu, vimefupika tu na kulala pamoja. Nikavihesabu upya, kimoja kimoja. Kompyuta ikachora mti. Nguva hakukaa na papa wala pomboo. Kakaa tawi moja na tembo. Tembo. Daktari kasema babu yao mmoja, mmoja kaenda porini, mmoja kaingia majini. Wapakizi wa korosho waliokuwa mlangoni walibishana mpaka adhuhuri, mmoja kauliza basi mkonga wake uko wapi.

Mimi moyoni nishavaa kanzu. Alama yangu imepanda hadi tatu.

Kisha kaniuliza, nyonga ziko wapi?

Nikamwambia Daktari, nguva hana miguu, nyonga ataibebea nini. Kasema ndiyo hiyo hiyo. Wazee wa nguva walitembea nchi kavu. Miguu ikaisha kizazi kwa kizazi, lakini nyonga zimebaki ndani ya nyama, mifupa miwili, midogo, haishiki kitu chochote. Kwa sababu haishiki kitu, kila anayemsafisha nguva huitupa. Kanionyesha rejista. Safu ya nyonga ya nguva, mstari kwa mstari, tupu. Hiyo ndiyo kaifuata Rufiji. Kaonyesha kwa vidole ukubwa wake.

Shubiri moja.

 Nikasema nimezisahau nyumbani, nitazileta Jumatatu. Kasema nikileta hizo, barua ni yangu, na ya jiki atanisamehe.

Jumamosi, 17 Agosti. Nyamisati

Nimemkuta Twalibu anasuka wavu. Vile vijifupa viko mkononi mwake, kwenye kila tundu anapitisha kimoja. Nyonga ya nguva inapima wavu wa kunasia nguva.

Nikamwambia anirudishie. Kacheka, kasema tangu lini mtani anadai? Nikabembeleza. Kaacha kusuka. Kanitazama, kasema mwana wa mjomba, kama ni utani sikupi, ndiyo sheria yetu. Kama una shida sema una shida, nitakupa sasa hivi. Una shida?

Hapo ndipo pa kuandika kwa wino mzito. Ningesema ndiyo. Lakini nikafikiri, nikisema nina shida atauliza shida gani, nitamwambia Daktari kavitaka, kisha atataka barua yeye. Na nikisema ni Sihaba, juzi nimejisifu nimevua viatu.

Nikasema shida nitoe wapi, nilitaka kuchokolea meno.

Kasema basi katafute kijiti. Kaendelea kusuka.

Jumapili, 18 Agosti

Mbavu za mbuzi zipo. Kisu kipo. Nimechonga nyonga. Ya kwanza imetoka vizuri ajabu, kila kona kama niliyoiona. Ya pili nimeilaza juu ya ya kwanza nikafuata ukingo, zisipishane hata chembe. Zimefanana kama shilingi mbili. Nimezipaka majivu na chai zionekane za zamani. Mtu akinionyesha tofauti nitamla.

Siku tano.

Jumatatu, 19 Agosti

Kanionyesha tofauti.

Kompyuta haikufika hata kuulizwa. Daktari kaziweka mezani, moja kulia moja kushoto, kaziangalia, kazigeuza, kaziangalia. Kaniuliza, kaka Ridhiwani, nguva huyu alikuwa na nyonga mbili za kushoto?

Kasema vya mwilini viwili huwa vinaelekeana, kama viganja vyako. Vyangu vinafuatana, kama ndara mbili za mguu mmoja. Baada ya hapo kaviingiza kwenye databesi, nafikiri kwa kujifurahisha tu. Vikaenda moja kwa moja vikakaa na mbuzi.

Nina sifuri. Safu haina namba chini ya sifuri, nimeuliza.

Nikadhani yamekwisha. Kanyoosha mkono, kasema leta daftari la mahali na tarehe. Nilikuwa nimebanwa kati ya ukuta na rafu. Nikampa.

Kasoma amesimama. Kisha kakaa, kasoma tangu mwanzo. Kwenye ngiri kachekea puani. Kwenye talaka hakucheka. Alipofika Jumanne ya tarehe 13 karudia mara mbili, kidole kwenye mstari. Kanyanyuka, kamwita dereva, kamwambia twende Nyamisati.

Daftari nimerudishiwa jioni. Pembeni ya tarehe 13 kaandika kwa kalamu nyekundu: hii ndiyo taarifa bora kuliko zote ulizoleta.

Jumatano, 21 Agosti

Twalibu kaletwa na Landrova. Nyonga mbili mfukoni, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Moja ya kushoto, moja ya kulia.

Daktari kamuuliza nguva alizama lini. Twalibu kataja siku, mwezi ulikuwa na umri gani, maji yanakupwa au yanajaa, jarife la matundu ya ukubwa gani, jike au dume, urefu wake kwa pima za mikono. Kila alichotaja Daktari kagonga. Safu tupu ikajaa. Daktari kafuta macho, kasema vumbi la korosho.

Kuaminika, tano. Barua kapewa hapo hapo, muhuri wa chuo, duara la bluu linang'aa. Twalibu kaishika kwa mikono miwili. Kanitazama kama anataka kusema kitu, nikamwahi, nikampongeza kwa kuwa tajiri wa takataka zangu. 

Alipoondoka nimemwangukia Daktari. Nimemwambia yote kwa mdomo, bila kutia chumvi. Nimemwomba barua. Barua yoyote. Kasema yoyote haiwezi, lakini ya kweli anaweza. Kaandika, kapiga muhuri.

Nimeisoma. Ni ya kweli.

Lakini muhuri ni muhuri. Na Mzee Bushiri anasoma herufi za Kiarabu tu, hizi za shule hazijui. Nimeikunja mara tatu, kwa ustadi, mpaka kinachoonekana ni jina la chuo juu na duara la bluu chini. Katikati, penye maneno yenyewe, kumelala.

Ijumaa, 23 Agosti. Mbwara

Nimefika baada ya sala. Baraza limejaa. Na nani kakaa pembeni kwenye mkeka kavaa kanzu nyeupe? Twalibu. Nikaguswa. Nikamshukuru mbele ya watu kwa kuja kunisindikiza siku kama ya leo. Kainamisha kichwa.

Nikamwamkia Mzee, nikatoa barua, nikamnyooshea upande wa muhuri. Kaupapasa kwa kidole gumba. Uso ukalegea. Kasema kumbe hata wewe mwanangu. Kisha kasema tuisome, watu wasikie.

Nikasema hakuna haja, Mzee, ni Kiswahili cha ofisini, kigumu. Kasema ndani kuna aliyemaliza la saba na kupasi. Kaita Sihaba.

Kaja mlangoni, mtandio kichwani, upawa mkononi, alikuwa jikoni. Kaipokea barua. Kaikunjua, kunjo la kwanza, la pili, la tatu. Mie natazama vidole tu. Kasoma kimya mpaka mwisho. Kanitazama. Kwa muda mfupi nilidhani atanificha. Alikuwa akinificha zamani, nikivunja kitu cha watu.

Kainua upawa mpaka mdomoni. Kaanza kwa sauti ya redioni, ile ile.

Kwamba hii ni taarifa ya habari. Kwamba Ndugu Ridhiwani wa Kibiti ameleta fuvu moja mara mbili, mnyama mmoja asiyekuwepo duniani, na nyonga mbili za kushoto. Kwamba kuaminika kwake ni sifuri kwa tano. Kwamba daftari lake hata hivyo limeandikwa kweli tupu. Kwamba asiruhusiwe kugusa mfupa wowote wa mradi.

Baraza likapasuka kwa kicheko. Wazee wanapigana mapaja.

Kangoja wanyamaze. Kisha, kwa sauti ile ile, kasema na habari ya mwisho. Kwamba Sihaba binti Bushiri ameikubali posa ya Twalibu, mvuvi wa Nyamisati, mwenye barua.

Wakacheka tena. Na mie nikacheka, mdomo umezoea. Nikamtazama tukutane kwenye kicheko. Hakuwa anacheka. Alisimama vile vile kama mwezi wa tatu, upawa mkononi. Kisha akaurudisha jikoni.

Twalibu kanifuata njiani. Kasema mwana wa mjomba, ningejua unamtaka ningejitoa. Miezi mitatu hukusema neno moja. Nikakuuliza kwangu, ukasema viatu vya kubana. Nikakuuliza una shida, ukasema meno. Nakuuliza, mtani, ulitaka nikuulize mara ngapi?

 Nilichoweza ni kumwambia basi chukua, mtani, mimi sidai. Sauti ilitoka vibaya. Kanishika bega akaondoka. Hata kununa siruhusiwi.

Jumamosi, 24 Agosti. Kibiti

Sijala tangu jana. Uani kumebaki jiki na majivu. Nimeketi mahali nilipompanga nguva, naona mstari wake kwenye mchanga, kichwa mpaka mkia, na pale katikati hamna kitu.

Daktari kaja mwenyewe kulitaka daftari hili. Kasema haliwezi kubaki kwangu, ndilo shahidi pekee wa nyonga zilivyotupwa na kuokotwa. Litapewa namba, litakaa chuoni rafu moja na mifupa, na atakayetaka kujua habari za nguva huyo miaka ijayo atalisoma. Nimemwomba nusu saa nimalizie.

Kwa hiyo wewe. Ndiyo, wewe unayelisoma. Kama limekufikia, basi uko ofisini. Una meza, una karatasi nyeupe, na ofisini hakukosi taipureta. Sikiliza tuongee kiutu uzima.

Mzee Bushiri ana binti mwingine, Kudra, mdogo wake Sihaba. Mchangamfu, jana kwenye taarifa ya habari alicheka kuliko wote. Naye hataozwa bila barua. Muhuri ninao. Leo asubuhi nimepita ghalani kuaga, droo ilikuwa wazi. Ushirika umekufa lakini duara bado duara, na Mzee anausoma kwa kidole gumba. Wewe piga barua, andika Ridhiwani ni mkusanyaji mkuu, sentensi ndefu za kutosha, usitaje namba ya kuaminika. Ukija uulize sokoni Kibiti, ila usimuulize karani wa korosho.

Malipo yako ni nguva mzima, kwa jina lako, aingie kwenye databesi yako na si ya mtu mwingine. Fuvu, mbavu, mkia. Na nyonga zake mbili, nishaanza kuzichonga. Safari hii moja nitaichonga ya kulia.